Anwani ya Kompyuta: Uhakiki wa Istilahi Moja na Matokeo Yake

1. Chanzo cha makala hii

Tangu miongozo ya utungaji wa programu za kompyuta ilipoanza kufasiriwa kwa Kiswahili, tumekuwa tukiletewa rasimu mbalimbali ili tuzipitie kabla hazijapigwa chapa. Kazi hiyo tunaifanya kwa furaha, maana kila mwongozo unaotoka ni jibu kwa wale wanaodai kwamba lugha yetu haiwezi kubeba elimu ya mitambo.

Katika rasimu moja iliyotufikia, ambayo hatutaitaja kwa kuwa mfasiri wake bado anaishughulikia, mna somo fupi linaloeleza namna ya kuiwezesha programu kujua anwani ya mtandao ya kompyuta inamoendeshwa. Kiswahili cha somo hilo ni kizuri. Sentensi zimenyooka, upatanisho wa sarufi hauna dosari, na istilahi nyingi ni zile zilizokwisha kuzoeleka. Hata hivyo, mwanafunzi atakayelifuata neno kwa neno ataandika programu isemayo uwongo. Tulilisoma mara tatu kabla ya kutambua kwamba kosa halimo katika jina wala katika kitenzi. Limo katika neno dogo kuliko yote, lile "ya" la "anwani ya kompyuta".

Hatusemi hivi kwa kupenda kuchokonoa kazi za wenzetu. Tuliwahi kuona kwa macho yetu madhara ya neno hilo. Katika ofisi moja tuliyoitumikia, madirisha kadhaa ya kupokelea malipo yalikuwa na kompyuta zilizopeleka habari za stakabadhi katika daftari kuu moja. Mtunga programu aliagizwa kwamba mbele ya kila stakabadhi iandikwe anwani ya kompyuta iliyoitoa, naye akafanya kama alivyoagizwa. Baada ya muda stakabadhi moja ilionekana kuwa na kasoro, na daftari likafunguliwa ili ijulikane imetoka dirisha gani. Iliandikwa 127.0.1.1. Mkuu wa sehemu, kwa kuona tarakimu ya mwisho ni 1, alimwita karani wa dirisha la kwanza. Karani huyo alihojiwa kwa siku mbili. Siku ya tatu ndipo mtu alipofunua kurasa nyingine za daftari na kuona kwamba kila mstari, wa kila dirisha, ulikuwa na anwani ileile.

Karani hakuwa na hatia, na mtunga programu hakuwa mzembe. Agizo ndilo lililokuwa bovu, kwa sababu lilidhani kwamba kompyuta ina anwani kama mtu alivyo na alama za vidole. Kusudi letu katika makala hii ni kuonyesha kwamba dhana hiyo si kweli, kwamba Kiswahili kina njia nyepesi ya kuikwepa, na kwamba mfasiri anayo sehemu yake ya lawama pale anapoipitisha bila kuihoji.

2. Maana ya "anwani"

Neno "anwani", ambalo wengine huliandika "anuani", tumelipata kutoka Kiarabu. Huko, kama ilivyo kwetu, lina maana mbili: kichwa cha kitabu au cha andiko lolote, na maandishi ya juu ya barua yaelezayo inakopelekwa. Maana hizo mbili si geni kwa kila moja. Zote ni maandishi yanayowekwa juu ya kitu ili anayekishika ajue la kufanya nacho. Anwani ya barua haiandikwi kwa ajili ya mpelekewa, ambaye anajua anakokaa. Inaandikwa kwa ajili ya tarishi.

Desturi yetu ya posta inathibitisha hivyo. Mtu akituuliza anwani, tulio wengi huanza kwa herufi tatu, S.L.P. Lakini sanduku la posta si mtu, wala si nyumba anamolala. Ni kijisanduku kilichomo katika ukuta wa ofisi ya posta, na mara nyingi hutumiwa na watu wengi kwa pamoja. Wanafunzi mia nane wa shule ya bweni hutumia sanduku moja, na barua zao zikishafika hugawanywa na karani wa shule kwa majina na madarasa. Mwanafunzi huyohuyo akiulizwa na mwenziwe shuleni "Unakaa wapi?" hatataja S.L.P.; atataja bweni na kitanda. Na katika mwaka 2022, Tanzania ilipoendesha operesheni ya anwani za makazi, barabara zilipewa majina na nyumba zikapewa namba, hata mtu mmoja akawa na anwani ya sanduku na anwani ya makazi pamoja, kila moja kwa matumizi yake.

Kwa hiyo, Mswahili anajua tangu utotoni kwamba anwani hubadilika kwa kadiri ya anayeuliza na njia itakayopitwa. Ajabu ni kwamba akiingia katika somo la kompyuta huyasahau hayo yote, akadhani kwamba kuna anwani moja tu iliyo "ya" kompyuta.

3. Jina, anwani na njia

Wenye kuuasisi mtandao hawakuwa na dhana hiyo. Hati inayoeleza kanuni za kupeleka pakiti katika intaneti, iliyohaririwa na Jon Postel na kutolewa Septemba 1981, inatenga mambo matatu: jina, ambalo hutambulisha kinachotafutwa, anwani, ambayo huonyesha kilipo, na njia, ambayo huonyesha namna ya kukifikia. Anwani zenyewe ni namba za biti 32, ambazo kwa urahisi wa kusoma huandikwa kwa mafungu manne, kila fungu likiwa kati ya 0 na 255. Hati hiyo inakubali waziwazi kwamba kompyuta moja yaweza kuwa na anwani kadhaa.

Kanuni za kizazi cha baadaye, ambamo anwani ina biti 128, zinalisema jambo hili bila kificho. Hati ya mwaka 2006 inayofafanua muundo wa anwani hizo inaeleza kwamba anwani hupewa mahali kompyuta inapounganishwa na mtandao, na wala haipewi kompyuta yenyewe. Katika kizazi hicho hata kiungo kimoja cha mtandao kwa kawaida huwa na anwani zaidi ya moja: moja ya kuzungumza na majirani wa karibu tu, na nyingine za kwendea mbali, ambazo baadhi yake ni za muda na hubadilishwa baada ya saa au siku.

Tukirudi kwenye rasimu yetu, somo linamwelekeza mwanafunzi hatua mbili. Ya kwanza, programu iulize jina la kompyuta. Ya pili, ichukue jina hilo na kuuliza anwani yake. Hatua hizo ni halali, na kila lugha ya kutungia programu inaziruhusu. Lakini mwanafunzi haambiwi kwamba amekwisha kutoka kwenye swali alilokusudia na kuingia kwenye swali jingine. Hakuuliza "nipo wapi?" Ameuliza "jina langu limeandikwa wapi?" Na jina hilo aghalabu limeandikwa katika jalada dogo lililomo ndani ya kompyuta yenyewe. Jalada hilo ni mabaki ya zamani, kabla Paul Mockapetris hajabuni mfumo wa majina mwaka 1983, wakati majina ya kompyuta zote za mtandao yalipokuwa yakitunzwa katika orodha moja na kunakiliwa kila mahali. Katika mifumo ya Debian na jamaa zake, kompyuta isiyokuwa na anwani ya kudumu huandikiwa katika jalada hilo kwamba jina lake liko 127.0.1.1. Hilo ndilo jibu lililompeleka karani wetu kuhojiwa.

4. "Mimi nani?"

Anwani zote zinazoanza kwa 127 ni za namna ya peke yake. Kanuni za mwaka 1989 zinakataza zisionekane nje ya kompyuta. Pakiti inayopelekwa huko haigusi waya wala hewa. Hugeuka ndani kwa ndani na kumrudia aliyeituma. Inayojulikana zaidi ni 127.0.0.1, na kila kompyuta duniani inayo.

Wafasiri wameiita anwani hii kwa majina kadhaa. Tumekuta "anwani ya kitanzi", tumekuta "mzunguko wa nyuma", na katika rasimu tunayoihakiki imeitwa "anwani ya hapa". "Kitanzi" kinaeleza umbo la mchoro, hakielezi kazi. Tena katika lugha yetu kitanzi ni cha kunasia au cha kunyongea. "Mzunguko wa nyuma" ni tafsiri ya sehemu za neno, wala haina maana kwa asiyejua neno la asili. "Anwani ya hapa" ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu inamwambia mwanafunzi kwamba amepata alichokuwa akitafuta.

Lugha yetu ina mfano bora zaidi, nao umo katika maisha ya kila siku. Mtu hubisha hodi usiku. Aliye ndani huuliza, "Nani?" Aliye nje hujibu, "Mimi." Hakuna mwenye nyumba aliyefungua mlango kwa jibu hilo asipoitambua sauti. Atauliza tena, "Mimi nani?" Neno "mimi" si la uwongo, ila halimtambulishi msemaji, kwa kuwa kila asemaye ni "mimi" kwa nafsi yake. Anwani 127.0.0.1 ni "mimi" ya kompyuta. Inafaa sana programu inapojisemesha na programu nyingine katika kompyuta ileile. Ikitolewa nje haina maana, na ikiandikwa katika daftari la wengi ni sawa na kuandika kwamba fedha zimepokewa na "mimi".

Wanasarufi wetu wamekwisha kutuandalia istilahi. Hulisema umbo la "mimi" kuwa ni nafsi ya kwanza. Kwa hiyo tunapendekeza "anwani ya nafsi". Mwalimu atakayeitumia hatahitaji mchoro. Atabisha hodi kwenye meza, na darasa zima litaelewa.

5. Mlango, na tatizo la "kiolesura"

Ikiwa anwani si ya kompyuta, ni ya nini? Ni ya mahali kompyuta inapokutana na mtandao. Kompyuta mpakato ya kawaida inapo mahali pasipopungua patatu: pa waya, pa mawimbi ya redio, na pale pa ndani pa anwani ya nafsi. Ikiwekewa programu ya kuiga kompyuta nyingine ndani yake, au ya kupitisha mawasiliano katika njia ya siri hadi ofisini, mahali hapo huongezeka. Kila pamoja pana anwani yake au anwani zake.

Istilahi iliyoenea kwa mahali hapo ni "kiolesura". Hatuna ugomvi na neno hili linapotumika kwa uso wa programu ambao mtumiaji huutazama kwenye kioo. Limo "sura" ndani yake, na sura ni kitu cha kutazamwa. Lakini tundu la waya nyuma ya mashine halina sura inayotazamwa na mtu. Mwanafunzi anayesoma kwamba anwani hupewa "kiolesura" hujiuliza namba hiyo imeandikwa sehemu gani ya kioo. Tumeulizwa swali hilo na walimu pia.

Sisi tunapendekeza "mlango". Nyumba moja yaweza kuwa na mlango wa mbele unaotazama barabara na mlango wa uani unaotazama kichochoro. Namba hubandikwa mlangoni, haibandikwi paani. Anayekuja kwa barabarani huijua nyumba kwa mlango wa mbele; jirani wa nyuma huijua kwa mlango wa uani; na mwenye kukaa ndani hahitaji mlango wowote kuzungumza na mkewe. Hayo matatu yanalingana sawasawa na kompyuta na anwani zake.

Tunajua kipingamizi kitakachotolewa. Wafasiri wengine wamekwisha kulipa neno "mlango" kazi nyingine, yaani ile namba kati ya 0 na 65535 inayoonyesha ni programu ipi ndani ya kompyuta itakayopokea pakiti, kama vile 25 kwa barua na 80 kwa kurasa. Wengine huiita "bandari", jambo ambalo hatuwezi kulitetea, kwa kuwa bandari ni mahali pa vyombo vya majini, na aliyelichagua neno hilo alitafsiri neno jingine linalofanana na hili kwa sauti na maandishi tu. Kuhusu "mlango" hoja ni nzito zaidi. Hata hivyo tunaona kwamba namba hiyo haiko kwenye ukuta wa nje. Katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati, mgeni huingia kwa mlango mmoja, kisha huuliza chumba cha amtakaye. Namba hiyo ni kama chumba. Hatusemi istilahi iwe "chumba", maana mfano mzuri wa darasani si lazima uwe istilahi nzuri. Tunaridhika na "poti", iliyotoholewa na kueleweka. Utohozi si aibu pale unapoliachia neno la kwetu kazi linayoiweza zaidi.

6. Mwenyeji ambaye ni mpangaji

Rasimu inaiita kila kompyuta iliyomo mtandaoni "mwenyeji". Istilahi hii ina historia yake. Mwaka 1969, mtandao wa kwanza wa namna hii ulipoanzishwa Marekani, kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache na kubwa, na watu wa mbali walizifikia ili kufanyia kazi zao humo. Hati ya kwanza kabisa katika mfululizo wa hati za mtandao, iliyoandikwa na Steve Crocker Aprili 1969, ilihusu programu za kompyuta hizo. Kompyuta ya namna hiyo ilipokea wageni, na kuiita mwenyeji kulikuwa na haki.

Lakini kwetu mwenyeji si mpokea wageni tu. Ni mtu wa mahali, anayejulikana na asiyehama kesho. Kompyuta mpakato ya mwalimu inayofunguliwa asubuhi katika maktaba na jioni katika mgahawa si mwenyeji wa popote. Ikifika mahali, huomba anwani. Mtandao wa mahali hapo huipa moja kwa muda uliowekwa. Muda ukiisha huomba kuongezewa, na ikiondoka anwani hiyo hupewa mwingine. Kanuni za utaratibu huu zilitolewa mwaka 1993 na kutengenezwa upya mwaka 1997, na katika lugha yake ya asili muda huo huitwa kwa neno la upangaji wa nyumba. Hapo mfasiri wetu ameandika, katika ukurasa mmoja, kwamba mwenyeji amepangishwa anwani. Tulicheka, kisha tukahuzunika, maana sentensi hiyo ilikuwa inamwonya na hakuisikia.

Matokeo yake katika kazi si madogo. Anayedhani kompyuta ni mwenyeji ataichukua anwani ya leo na kuiandika katika jalada la programu kana kwamba ni ya daima. Anayejua ni mpangaji ataiuliza kila inapohitajika, na katika daftari la kudumu ataandika pia jina au namba ya dirisha, ambayo haihami. Tunapendekeza "kompyuta ya mtandaoni" kwa matumizi ya jumla, na "anwani ya kupanga" kwa anwani itolewayo kwa muda.

7. "Binafsi" na "tafsiri"

Yamebaki maneno mawili ya kukosolewa kwa ufupi.

La kwanza ni "anwani binafsi". Biti 32 hutoa anwani 4,294,967,296 tu, ambazo hazikutosha. Kwa hiyo hati ya Februari 1996 ilithibitisha mafungu matatu ambayo kila nyumba, shule na ofisi yaweza kuyatumia ndani kwake bila kuomba ruhusa: yanayoanza kwa 10, yanayoanza kwa 172.16 hadi 172.31, na yanayoanza kwa 192.168. Anwani 192.168.1.1 inatumika wakati huuhuu katika nyumba nyingi mno duniani. Jambo linalotumiwa na wote hivyo si la binafsi, wala si siri. Tumemwona mtumishi wa umma akikataa kuitaja anwani ya namna hiyo kwa fundi akidhani anatoa siri ya ofisi, na mwingine akiinakili katika barua kwa mtu wa nje akidhani atafikiwa kwayo. Wote wawili walidanganywa na neno. "Anwani ya ndani" inatosha, na kinyume chake ni "anwani ya nje".

La pili linatuhusu sisi wafasiri kwa karibu. Mashine iliyo kati ya mtandao wa ndani na ulimwengu hufuta anwani ya ndani juu ya kila pakiti inayotoka na kuandika ya nje mahali pake, kisha hufanya kinyume kwa majibu yanaporudi. Kazi hii, iliyoelezwa katika hati ya Mei 1994, rasimu inaiita "tafsiri ya anwani". Lakini tafsiri huhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine, na hapa hakuna maana iliyohamishwa. Kinachofanyika ni kile afanyacho karani wa shule anayekusanya barua za wanafunzi na kuzigonga zote muhuri wa S.L.P. moja, huku akiweka kumbukumbu ya nani ameandika ipi. Tuseme "ubadilishaji anwani", na neno "tafsiri" tulihifadhi kwa kazi inayostahili jina hilo.

8. Somo lingaliandikwaje

Mhakiki asiyeonyesha njia amefanya nusu ya kazi. Sisi tungaliliandika somo hilo kwa kuanza na swali ambalo rasimu imeliruka: anwani inatakiwa na nani?

Ikiwa inatakiwa na programu nyingine ndani ya kompyuta ileile, anwani ya nafsi inatosha, na somo linaishia hapo.

Ikiwa msimamizi wa mtandao anataka kujua hali ya kompyuta nzima, programu iuombe mfumo endeshi orodha ya milango yote na anwani za kila mmoja, kisha iionyeshe yote. Isichague ya kwanza kwa kuwa ni ya kwanza. Mpangilio wa orodha hiyo hauahidi chochote, na mara nyingi inayotangulia ni ile ya nafsi.

Ikiwa inatakiwa kwa ajili ya kuzungumza na kompyuta fulani, hapo maana ya asili ya neno "anwani" inatuongoza moja kwa moja kwenye ufundi ulio sahihi. Juu ya kila pakiti huandikwa anwani mbili, ya inakokwenda na ya inakotoka. Programu na iulize, "Lau ningemwandikia fulani, ungeniandikia anwani gani kama mtumaji?" Hilo linawezekana. Programu hufungua soketi ya aina ambayo haianzi kwa kusalimiana na upande wa pili, na kuitajia mahali inakokusudia. Mfumo endeshi hutazama jedwali la njia, huchagua mlango wa kutokea, na kuipa soketi anwani ya mlango huo. Kisha programu huisoma. Hakuna pakiti hata moja inayotoka. Amri ya kuisomea huitwa getsockname tangu mfumo wa Berkeley wa mwaka 1983, na hapa tunaona kwamba hata wenye lugha ya asili huteleza, kwa kuwa amri hiyo yasema jina na hutoa anwani. Mfasiri asiyeangalia kitendo, akaangalia neno tu, ataandika "jina", na wanafunzi wake watapotea.

Ikiwa inatakiwa anwani ambayo ulimwengu wa nje unaiona, programu iliyo nyuma ya ubadilishaji anwani haiwezi kuijua kwa kujitazama. Mtu hajioni kisogo. Ni lazima imwulize aliye nje, "Barua yangu imekufikia na anwani gani?" Utaratibu wa kuuliza hivyo uliandikiwa kanuni Machi 2003.

Na pale ofisini kwetu, dawa ilikuwa nyepesi kuliko zote. Haikuwa lazima kompyuta ya dirishani ijieleze. Kompyuta ya daftari kuu ndiyo iliyopokea barua, na apokeaye ndiye asomaye anwani ya mtumaji. Tangu hapo yeye ndiye anayeiandika, pamoja na namba ya dirisha.

9. Mapendekezo

Tunaweka mbele ya wasomaji istilahi zifuatazo ili zijadiliwe:

mlango: mahali kompyuta inapounganishwa na mtandao, penye anwani moja au zaidi.
poti: namba inayoelekeza pakiti kwa programu fulani ndani ya kompyuta.
anwani ya mlango: namba ya kuufikia mlango fulani, itumike badala ya "anwani ya kompyuta" katika maandishi yote ya ufundi.
anwani ya nafsi: anwani ambayo kompyuta hujitajia yenyewe, isiyotoka nje.
anwani ya utumaji: anwani iandikwayo juu ya pakiti kuonyesha inakotoka.
anwani ya ndani na anwani ya nje: itambulikayo katika mtandao wa mahali tu, na itambulikayo katika intaneti nzima.
anwani ya kupanga: anwani itolewayo kwa muda.
ubadilishaji anwani: kazi ya kufuta anwani ya ndani na kuandika ya nje, na kinyume chake.

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika, wala kwamba kila neno ndani yake litadumu. Wenzetu wa Kenya wanaosema "tarakilishi" pale tunaposema "kompyuta" huenda wana maneno yanayoshinda haya, nasi tutafurahi kuyapata. Tunachosisitiza ni utaratibu. Mfasiri, kabla ya kuweka "ya" kati ya majina mawili, na ajiulize kama kweli cha kwanza ni mali ya cha pili. Mwalimu, kabla ya kufundisha jibu, na afundishe ni nani aliyeuliza. Na mtumishi wa umma anayetoa agizo la kuandikiwa programu na aeleze anwani hiyo itasomwa na nani na itathibitisha nini, maana siku daftari litakapofunguliwa, atakayeitwa ni mtu mwenye jina.

Rasimu tuliyoihakiki itarudi kwa mfasiri wake pamoja na maoni yatakayotufikia. Tunawaomba wasomaji, hasa walimu waliowahi kulifundisha somo hili, watuandikie mapema, nao wasisahau kutaja anwani yao ya barua.